Risasi ya Saba: Uhakiki wa Masimulizi ya Dawa ya Malale

Elimu ya kemia ina bahati mbaya katika maandishi: wanaoijua sana hawapendi kuisimulia, na wanaopenda kuisimulia huigeuza vita. Maabara huwa uwanja wa mapambano, ugonjwa huwa jitu, dawa huwa mshale, na mtu mwenye miwani aliyeinama juu ya hadubini huwa shujaa wa kulipiga jitu hilo. Msomaji hufurahi, hufunga kitabu, akadhani kuwa amejifunza kemia. Makala haya yanachunguza masimulizi ya namna hiyo juu ya jambo moja, nalo ni jinsi rangi za nguo zilizobuniwa Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, siku za uzee wa Malkia Victoria, zilivyofuatwa na kubadilishwa mpaka zikazaa dawa za malale. Tutasoma kitabu kimoja mashuhuri, tutaitazama filamu moja mbaya, kisha tutaviweka mbele ya nchi ya Buha, yaani vilima na mapori ya Kasulu na Kibondo katika Mkoa wa Kigoma. Buha hatukuichagua kwa ajili ya mapambo. Ni nchi ambayo ugonjwa huo uliibadilisha sura, na yafaa kujua hadithi inasikikaje masikioni mwa watu ambao hadithi yenyewe inadai kuwa ilitendeka kwa ajili yao.

Kisa kinaanza kwa kukosa. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, mwanafunzi wa August Wilhelm Hofmann katika London, alitumia likizo ya Pasaka kujaribu kutengeneza kwinini kwa anilini, kitu kipatikanacho katika lami ya makaa ya mawe. Kwinini ilitakiwa sana wakati ule, kwa sababu Waingereza walikuwa na askari na watumishi katika nchi za homa, na magome ya mti wake yalikuwa ghali. Kwinini hakuipata. Alipata kitu cheusi kisichopendeza macho, na alipokiosha kwa spiriti kikatoa rangi ya zambarau. Perkin hakukitupa, alikijaribu katika hariri, akaona kuwa rangi haitoki kwa maji wala kwa jua, akaacha shule akafungua kiwanda. Baada ya miaka miwili zambarau ilikuwa rangi ya fahari, na Malkia mwenyewe aliivaa rangi ya namna hiyo katika arusi ya binti yake mkubwa mwaka 1858. Basi ilitafutwa dawa ya homa za nchi za joto, ikapatikana rangi ya magauni.

Lami ya makaa hapo zamani ilikuwa taka ya viwanda vya gesi ya taa. Tangu siku za Perkin ikawa hazina. Mwaka 1868 Carl Graebe na Carl Liebermann wa Berlin waliunda alizarini, rangi nyekundu ambayo watu waliitoa katika mizizi ya mmea kwa maelfu ya miaka. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani, na mashamba ya nili ya India yakaanza kufa. Wakati huo Uingereza, iliyoanza kazi, ilikuwa imekwisha kupitwa na Ujerumani. Hofmann alirudi kwao mwaka 1865, na viwanda vya Kijerumani viliajiri wanakemia kwa wingi kama jeshi linavyoandika askari. Kwa hakika utafiti wa kemia wa zama zile ulikuwa kwanza kazi ya soko la nguo, na asiyelikumbuka hili hataelewa yaliyofuata.

Watu wa Buha nao walikutana na kemia hii kwa macho kabla ya kukutana nayo kwa sindano. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipopita Uha akielekea Ujiji, alilazimishwa kulipa hongo ya nguo kwa wakuu wa nchi mpaka akaona afadhali kutoroka usiku. Nguo hizo ndizo zilizokuwa fedha za bara: merikani nyeupe, kaniki ya buluu iliyoiva, na ile nyekundu iliyoitwa bendera. Sidai kuwa vitambaa vya Stanley vilitiwa rangi ya maabara. Mwaka 1871 huenda bado. Lakini katika miaka 30 iliyofuata rangi za lami ziliingia katika vitambaa vya biashara duniani kote. Jambo hili ni dogo, ila lina uzito wake. Vitabu tutakavyovisoma vinaiingiza kemia Afrika kwa mlango wa huruma, kana kwamba ilikuja kuokoa. Ukweli ni kuwa ilikuja kwanza madukani, kama bidhaa yo yote.

Mtu aliyeitoa rangi katika nguo na kuitia katika tiba ni Paul Ehrlich, aliyezaliwa Silesia mwaka 1854. Tasnifu yake ya 1878 ilihusu kutia rangi viungo vya wanyama. Chini ya hadubini aliona kuwa rangi moja hushika sehemu moja ya mwili na kuiacha nyingine, kana kwamba inachagua. Akajiuliza: ikiwa rangi yaweza kuchagua, kwa nini sumu isichague? Mwaka 1891 yeye na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria katika Berlin buluu ya methilini, rangi ambayo Heinrich Caro aliitengeneza mwaka 1876, nao wakapata nafuu. Hivyo swali la Perkin lilijibiwa kwa njia ambayo Perkin hakuiwaza: rangi yenyewe ndiyo dawa. Mwaka 1904 Ehrlich na Mjapani Kiyoshi Shiga walipata rangi nyekundu iliyoponya panya wenye ugonjwa wa farasi wa Amerika ya Kusini, uletwao na tripanosoma, vijidudu vya jamii moja na vile vya malale. Mwaka 1906 Maurice Nicolle na Félix Mesnil wa Paris waliongeza rangi za buluu na za urujuani. Wanakemia wa Bayer waliendelea kuzibadilisha molekyuli za rangi hizo moja moja, na kufikia mwaka 1916 walikuwa na kitu kilichotoka katika ukoo wa rangi lakini hakikuwa na rangi hata kidogo. Kiliitwa Bayer 205, kisha Germanin, na leo huitwa suramini.

Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kuyaelewa haya kama wapatavyo wengine. Katika lugha yetu neno dawa limekwisha kubeba maana zote mbili. Tunayo dawa ya kichwa na dawa ya panya, dawa ya meno na dawa ya viatu. Mswahili husema dawa kwa kitu cho chote chenye nguvu ya kubadilisha kingine, kiwe cha kuponya au cha kuua, na tofauti huiweka katika kipimo na katika mkono wa mpaji. Ehrlich alihitaji miaka mingi kufika mahali ambapo neno letu limekaa siku zote.

Sasa tuje kwa msimulizi. Paul de Kruif, Mmarekani aliyezaliwa Michigan mwaka 1890, alikuwa mtaalamu wa bakteria katika Taasisi ya Rockefeller mpaka alipoondolewa mwaka 1922. Alimsaidia Sinclair Lewis kwa maarifa ya kisayansi katika riwaya ya Arrowsmith ya 1925, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake mwenyewe, Microbe Hunters, yaani Wawindaji wa Vijidudu. Kitabu hicho kina sura 12, kuanzia Leeuwenhoek hadi Ehrlich, kimetafsiriwa katika lugha nyingi, na vijana wengi wa nchi nyingi wamesema kuwa ndicho kilichowafanya wapende sayansi. Sitaki kukidharau. De Kruif ana sifa ambazo waandishi wa vitabu vya shule hawana. Anajua kuwa utafiti ni kazi ya mikono, ya kuchoka na kukosea. Anawacheka mashujaa wake. Ehrlich wake anavuta sigara 25 kwa siku na kuongea na kila mtu. Ni mtu wa damu na nyama. Sentensi zake zinakwenda mbio kama mtu anayesimulia barazani, na si ajabu kwamba zilimvuta msomaji aliyezoea vitabu vilivyolala.

Lakini kichwa cha kitabu kimekwisha kutoa hukumu. Mwindaji ana bunduki, ana mawindo, na ana pori. Pori hilo, katika sura mbili muhimu, ni Afrika. Katika sura ya David Bruce twamwona daktari huyo na mke wake Mary wakichunguza nagana ya ng'ombe katika Zululand mwaka 1894, kisha wakija Uganda mwaka 1903, wakati malale ilipokuwa ikiwaua watu wa pwani na visiwa vya Ziwa Victoria kwa makumi ya maelfu. Bruce alitaka kujua mbung'o wanapatikana wapi. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na machifu walio chini yake waliamrisha nzi wakusanywe toka sehemu nyingi za nchi, na ramani ya mbung'o ikalinganishwa na ramani ya ugonjwa. Hiyo ni kazi ya utafiti kwa kila kipimo. Watu waliokwenda vichakani na nyavu walichangia hoja iliyothibitisha kuwa malale huletwa na mbung'o. De Kruif anawataja, lakini anawataja kwa kuchekesha, kama watoto waliopewa mchezo na baba. Uchekeshaji wake juu ya Bruce ni wa mtu anayempenda. Uchekeshaji wake juu ya Waganda ni wa namna nyingine, na mwenye sikio la lugha ataisikia tofauti.

Sura ya Ehrlich ndiyo ya mwisho, nayo ndiyo yenye jambo lenyewe. Kuna dawa iliyoitwa Atoxyl. Mfaransa Antoine Béchamp aliitengeneza mwaka 1859 kwa kuchemsha anilini pamoja na asidi ya aseniki, kwa hiyo nayo ni mtoto wa lami ile ile ya Perkin. Jina lake lina maana ya kitu kisicho sumu. Mwaka 1905 Wolferstan Thomas na Anton Breinl wa Liverpool walionyesha kuwa huua tripanosoma katika wanyama. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alikuja katika visiwa vya Sese, kaskazini ya Buha ng'ambo ya Ziwa Victoria, akawatibu wagonjwa kwa mamia kwa mamia. Mwanzoni walionekana kupona. Baadaye vijidudu vilirudi katika damu, naye akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 walipofuka macho, wasione tena.

Je, de Kruif anafanyaje na hao 22? Anawapa sentensi moja. Katika sentensi hiyo anawaita kwa neno la dharau ambalo Wazungu wa siku zile walilitumia kwa watu weusi, na anaifanya habari yao kuwa mzaha: aibu ndogo iliyoipata dawa, kipingamizi njiani kabla Ehrlich hajaingia jukwaani na kuirekebisha. Nimeisoma sura hiyo mara kadhaa nikitafuta kama baadaye anarudi kwao. Harudi. Sigara za Ehrlich zina kurasa nyingi kuliko macho ya watu wa Sese.

Wako watakaosema kuwa hii ni kasoro ya adabu tu, na kuwa ukiifuta sentensi moja kitabu kitakuwa kizima. Mimi sidhani. Kasoro imo katika umbo la hadithi. Hadithi ya mwindaji haiwezi kumpa nafasi mtu aliyepigwa na risasi isiyokusudiwa, kwa maana akipewa nafasi, uwindaji huonekana kuwa jambo jingine. Na hasara haiwi ya watu wa Sese peke yao. Kemia nayo inapotoshwa. Tendo kubwa la Ehrlich katika habari ya Atoxyl halikuwa la kupiga shabaha. Lilikuwa la kusoma upya. Béchamp alidhani molekyuli ina umbo fulani, na kwa karibu miaka 50 watu walimfuata. Mwaka 1907 Ehrlich na Alfred Bertheim walithibitisha kuwa umbo ni jingine, na kuwa lina sehemu ambayo mwanakemia aweza kuibadilisha bila ya kuivunja molekyuli yote. Hapo ndipo ulipofunguka mlango wa mamia ya dawa, mmojawapo ukiwa namba 606, iliyojaribiwa na Sahachiro Hata mwaka 1909 na kuuzwa kama dawa ya kaswende tangu 1910. Kazi hiyo yafanana zaidi na ya mhariri wa hati ya zamani, agunduaye kuwa herufi moja ilisomwa vibaya na wote waliomtangulia, kuliko ya mpiga bunduki.

Ehrlich mwenyewe ana lawama kidogo, maana ndiye aliyeeneza mfano wa risasi ya uchawi, risasi inayomtafuta adui na kumpita asiyehusika. Mfano huo si wa maabara. Umetoka katika ngano za Kijerumani, na wasomi waliujua hasa kwa opera ya Carl Maria von Weber iliyochezwa Berlin mwaka 1821, Der Freischütz. Katika ngano hiyo mwindaji hupata risasi saba kwa mapatano na shetani. Sita huenda anakotaka mpigaji. Ya saba huenda anakotaka shetani. Hadithi yote imesimama juu ya risasi hiyo ya saba. Bila yake hakuna opera. Waliouchukua mfano na kuutia katika vitabu vya sayansi walizichukua sita, wakaiacha ya saba. De Kruif aliita sura yake kwa jina la risasi hiyo ya uchawi, na filamu ya Marekani ya 1940 juu ya maisha ya Ehrlich ikafanya vile vile. Macho ya wale 22 yalikuwa risasi ya saba, na haikuwa ya mwisho. Melarsoprol, dawa ya aseniki iliyoletwa na Ernst Friedheim mwaka 1949 kwa malale iliyokwisha kuingia katika ubongo, iliokoa wengi ambao wangekufa, lakini yenyewe iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100 waliopewa.

Sisi tunao mfano wetu wa silaha inayomjua mtu mmoja tu. Liyongo hakuweza kuuawa kwa silaha yo yote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 sindano hiyo inapata shabaha yake sawasawa, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe. Lakini angalia mshairi anakaa wapi. Haondoki na mpigaji. Anabaki kisimani, mahali alipopiga magoti Liyongo na upinde wake, na watu wasiojua kuwa amekufa wanaogopa kuteka maji, na mama anaombolezea mwili uliosimama kama uko hai. Utenzi wa mashujaa, ambao wengi hudhani ni umbo la kikale lisilojua ila sifa, unamwangalia aliyechomwa kwa muda mrefu kuliko kitabu cha sayansi cha 1926. Silisemi hili kwa majivuno ya pwani. Nasema kwamba umbo la ushujaa peke yake halimlazimishi mwandishi awe kipofu.

Filamu niliyoiita mbaya ni Germanin, ya Max Wilhelm Kimmich, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1943. Humo mwanachuoni wa Kijerumani anatafuta dawa ya malale katika Afrika, Waingereza wanaiharibu kazi yake kwa husuda, na utukufu wa taifa unathibitishwa kwa sindano. Watu weusi wengi wanaoonekana humo wakingojea kuponywa walikuwa mateka wa vita, askari wa makoloni ya Ufaransa waliotolewa kambini wakaigize shukrani. Kama kazi ya sanaa haistahili maneno mengi. Ila yafaa itazamwe baada ya de Kruif, kwa kuwa yeye hakuwa Mnazi wala hakupenda kasumba, na hata hivyo umbo ni lile lile: jitu, shujaa, risasi, na umati usio na jina. Historia nyuma ya filamu nayo ina mafunzo. Bayer ilificha fomula ya dawa yake, na baada ya Ujerumani kupoteza makoloni, ikiwamo nchi yetu, walikuwapo Wajerumani waliosema waziwazi kuwa dawa hiyo itumike kudai nchi zirudishwe. Mwaka 1924 Ernest Fourneau wa Paris akatangaza fomula aliyoigundua kwa kuchunguza, na siri ikawa haina thamani. Mgonjwa alikuwa amegeuzwa kuwa amana ya kukopea nchi.

Ndiyo maana tunarudi Buha. Dawa ya Bayer ilitangazwa mwaka 1920. Mwaka uliofuata Wabelgiji, waliokuwa wameishika Kigoma tangu 1916, waliikabidhi kwa Waingereza. Kama hadithi ya risasi ingekuwa ya kweli, yaliyobaki yangekuwa kusafirisha chupa na sindano. Hayakuwa hivyo. Tangu 1933 serikali ya Tanganyika, ikifuata mpango uliohusishwa hasa na daktari George Maclean, iliwaamuru watu wa maeneo yenye malale katika Buha waache makao yao yaliyotawanyika katika miombo, wakajenge pamoja katika mahali palipofyekwa. Dawa zilikuwapo, nazo zilitumika. Lakini dawa kuu ya serikali ilikuwa kuhama.

Si haki kusema kuwa walioamuru hayo walikuwa wajinga. Malale ya Buha ni ile ya tripanosoma rhodesiense, na mwaka 1958 watafiti katika Kenya walithibitisha kuwa pongo, mnyama wa porini asiyeonekana kuugua, huibeba. Mponye mtu leo. Kesho atakwenda kurina asali au kukata kuni, na mbung'o aliyemuuma pongo atamuuma yeye. Risasi haina mahali pa kulenga pale ambapo adui amekaa katika pori zima. Watu wakikaa pamoja mahali peupe, huumwa kidogo. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini migomba haihami, wala makaburi ya wazee hayahami, na shamba lililoachwa halibaki shamba. Miombo hurudi, wanyama hurudi, mbung'o hurudi, na eneo lililokuwa la watu huandikwa katika ramani kuwa pori tangu mwanzo wa dunia. Isitoshe, watu waliokusanywa huhesabika upesi kwa kodi na kwa kazi. Kuanzia 1944 ofisi ya kuandikisha vibarua vya mkonge, SILABU, ilizidi kuwapeleka wanaume wa Buha katika mashamba ya Tanga na Morogoro, ambako walijulikana kwa jina la manamba. Mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, serikali ya nchi huru nayo iliwahamisha watu wa mkoa huo kwa ajili ya vijiji vya ujamaa. Mtu aliyezaliwa Kibondo katika miaka ya 1920 aliweza kuhamishwa mara mbili na serikali mbili, kwa sababu mbili tofauti.

Waliojibu hadithi ya wawindaji kwa uzito ni wawili. John Ford alitumikia idara za mbung'o katika Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi, akaandika mwaka 1971 kitabu kikubwa juu ya nafasi ya magonjwa haya katika mazingira ya Afrika. Anasema, kwa kifupi, kuwa Waafrika walikuwa wamekwisha kujua kuishi karibu na mbung'o kwa kufyeka, kuchoma na kuchunga mpaka kati ya watu na wanyama, na kuwa tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 pamoja na vita vya kutawaliwa ndivyo vilivyouvunja mpango huo. Yaani siku zile zile Ehrlich alipokuwa akitazama rangi zikichagua chembe, huku mpaka wa pori ulikuwa ukivunjika. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliipanua hoja hiyo kwa Tanganyika nzima mwaka 1977, na wanafunzi wa vizazi kadhaa wameipokea kwa shangwe.

Shangwe hiyo ina haki, lakini isitufumbe macho. Kjekshus anaichora Tanganyika ya kale kwa rangi angavu mno. John Iliffe na wengine wamemjibu kuwa njaa, vita na magonjwa vilikuwapo kabla ya Wajerumani. Na mimi kama msomaji wa fasihi nina lawama nyingine. Ford na Kjekshus wamemwondoa shujaa mwenye miwani, na mahali pake wameweka mazingira. Sasa anayetenda ni pori, ni ng'ombe, ni mvua, ni hesabu ya watu. Muha wa Muhambwe au wa Heru bado hasemi. Kwa de Kruif alikuwa mawindo yaliyookolewa. Kwa Kjekshus ni tarakimu yenye hekima. Kurasa za Ford juu ya wanyama zina uhai kuliko kurasa zake juu ya watu, labda kwa sababu wanyama aliwapenda zaidi, au kwa sababu faili za serikali alizozisoma ziliandikwa na maofisa waliowahesabu watu kwa nyumba.

Mwaka 2011 Julie Weiskopf alikamilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Minnesota juu ya jamii zilizohamishwa Buha kati ya 1933 na 1975, na hapo angalau mambo yanatazamwa toka upande wa waliojenga upya. Imeandikwa kwa Kiingereza. Wakati huo huo ugonjwa haukuwa umekwisha: katika miaka ya mwisho wa karne ya 20 na mwanzo wa karne hii Kasulu na Kibondo zilikuwa bado miongoni mwa wilaya za Tanzania zilizotoa habari za wagonjwa wa malale, nao walichomwa suramini, dawa iliyoundwa katika vita vya kwanza vya dunia kutokana na rangi za siku za Victoria. Mwaka 2024 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina ya Buha. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula, maana mwenye tumbo tupu hafaidi dawa yote. Katika masimulizi yote niliyoyataja hapa, hakuna hata moja linalosema kama mgonjwa alikuwa amekula.